Mkono Uliokulia Dunguni

Voi,
Alhamisi jioni

Mwanangu Mwadime,

Mkono wako unakunjika kiwikoni kabla mpira haujatoka, kisha unakunjuka. Aliyeniambia ni Bwana Pereira, karani wa tiketi hapa stesheni. Wewe unamjua zaidi kama yule mwamuzi mwenye kofia nyeupe anayesimama pembeni Wahindi wa reli wanapocheza kriketi. Ameyasema leo saa kumi, dirishani kwake, na hakusema kwa mzaha. Anasema si mpira mmoja mmoja. Ni kila mpira wako wenye kasi.

Kwa sheria ya mchezo ule, mpira wa namna hiyo ni haramu. Mkono unatakiwa uzunguke ukiwa umenyooka. Ukikunjuka kiwikoni wakati wa kuachia, hujarusha kama kriketi inavyotaka, umetupa jiwe. Mwamuzi akiona hupaza sauti, "Nobo!", na hapo hata ukiangusha vijiti vyote vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji hukuangusha kitu. Upande wa pili unapewa alama ya bure.

Kesho alfajiri unapanda gari la moshi kwenda Mombasa, kwenye klabu iliyokuahidi kazi na mechi ya majaribio siku ya Jumapili. Nataka uyajue haya kabla ya kupanda. Nimempa mama yako barua hii akukabidhi hapa nyumbani wakati wa chai. Sikutaka uipokee dirishani gari likishaanza kutembea. Mambo ya shuka, soksi na ndizi za kuwapelekea jamaa, mama yako ameshayasema, na najua atayarudia.

Utauliza kwa nini sikukwambia usoni. Usoni ningepunguza maneno. Kwenye karatasi sipunguzi, ndiyo kazi yangu.

Nilikwenda stesheni kukukatia tiketi. Nilikuwa pia na haja ya pili. Mhariri ameomba habari fupi ya kijana wa Mbololo anayekwenda kurusha mpira Mombasa, nami nikaona ni aibu kumwandika mwanangu bila kuuliza mtu wa tatu. Kwa hiyo baada ya salamu nikamwuliza Pereira, "Huyu kijana wangu, anarushaje? Nataka neno la mtu anayejua."

Akavua miwani. Akaniuliza, "Unataka neno la gazeti au neno la kweli?"

"Siku hizi yametengana?"

"Leo yametengana, Bwana Mwangeka." Kisha akaniambia kuhusu kiwiko.

Nilimwuliza kama anaweza kuwa amekosea. Akasema amekuangalia akiwa pembeni, mahali ambapo sheria inamtaka asimame ili aone mkono. Nikamwuliza mbona hajawahi kukuita nobo hapa Voi. Akajibu kwamba hapa Voi hujawahi kucheza mechi ya kuhesabiwa. Umekuwa ukiwarushia watu wa reli wafanye mazoezi, na mazoezini hakuna mwamuzi. Nikamwuliza swali la tatu: yule katibu wa klabu ya Mombasa, aliyekuona Jumapili iliyopita akakupa mkono mbele ya watu wote, je, anajua?

"Anajua. Nilimwambia siku hiyo hiyo, tukinywa chai."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Kwenye nyavu hakuna mwamuzi.'"

Nyavu ni pale mahali pa mazoezi palipozungushiwa wavu ili mpira usipotee. Katibu yule hakutafuta mchezaji. Alitafuta mtu wa kuwarushia wapigaji wake mipira ya kasi kila jioni mpaka jua lizame, ili Jumapili wakikutana na wenye kasi wa klabu nyingine wasiogope. Majaribio ya Jumapili hii ni ya kukuridhisha wewe. Wanajua yatakavyokwisha. Jumatatu watakuambia pole, bahati mbaya, lakini njoo jioni kama kawaida.

Ninajua hivyo kwa sababu nimeshaiona habari hii tangu mwanzo hadi mwisho, ila sikuielewa wakati ule. Ni habari ya baba yako mdogo, Mwakio.

Leo saa kumi na moja nilikuomba urushe mawe matatu kwenye ule mpapai ulio nyuma ya nyumba. Ulicheka ukasema, "Baba, leo umekuwa kocha?" Mwakio, ambaye ameteremka kutoka Mbololo na mfuko wake ili akusindikize mpaka Mombasa, alikuwa amekaa juu ya kinu anapiga makofi. "Mwonyeshe! Mwonyeshe baba yako, yeye anajua kalamu tu!" Ulipiga shina mara tatu, pale pale. Jiwe la tatu lilibandua gome. Mwakio aliruka kama mtoto. Mimi sikuangalia mpapai. Nilisimama pembeni, kama Pereira alivyonieleza, nikaangalia kiwiko. Kilikunjika karibu na sikio lako, kikakunjuka kama mtego unaofyatuka. Ukishaambiwa uangalie wapi, hata kipofu ataona.

Na nilijua kimetoka wapi.

Unalikumbuka dungu la shamba letu la Mbololo, lile jukwaa la miti tunalokaa juu yake kufukuza nyani mahindi yakianza kukaza. Babu yako alilijenga paa likiwa chini sana, kwa sababu upepo unaotoka upande wa Ndara huleta mvua ya ubavu, na kwa sababu nyasi za kuezekea zilikuwa haba mwaka ule. Mtoto akikaa mle hawezi kusimama. Akitaka kumpiga nyani, hawezi kuinua mkono ulionyooka, vidole vitagonga fito. Kwa hiyo analivuta jiwe hadi sikioni na kulifyatua kwa kiwiko. Mimi nilijifunza hivyo. Mwakio alijifunza hivyo, akanipita mbali. Alikuwa anachagua nyani wa kumpiga. Dungu lilipooza nikalijenga upya kwa ajili yako, kwa kipimo kile kile. Mama yako alisimama chini akaniambia, "Baba Mwadime, inua hilo paa kidogo, kichwa cha mtoto kitagonga." Nikamjibu, "Atazoea." Ukazoea.

Vijana wengine huko nje wamejifunza kurusha wakiwa wamesimama uwanjani. Sisi tumejifunza tumekaa chini ya nyasi. Ukoo mzima umekuwa ukijisifu kwa mkono huu, harusini na matangani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ni mkono wa dungu.

Sasa Mwakio. Unajua habari yake kama inavyosimuliwa nyumbani: alikuwa radi, Wazungu na Wahindi wakamwonea, akarudi. Nitakupa ile niliyoiona.

Alikuwa chuo cha walimu, wewe ukiwa bado mdogo. Mzungu mmoja aliyefundisha michezo pale alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Kriketi alikuwa akiijua kwa kukumbuka utoto wake. Akampa Mwakio mpira wa ngozi, Mwakio akavunja kijiti cha katikati vipande viwili. Tangu siku hiyo yule mwalimu akawa anamtembeza. Wakaja hapa Voi, wakawapa watu wa reli mazoezi. Nikaandika. Niliandika kwamba mpira wake hauonekani. Neno hilo nilipewa na mpigaji aliyekuwa ametoka uwanjani akishikilia mbavu. Baadaye nilijifunza kwamba mtu aliyeshindwa si shahidi mzuri: anataka aliyemshinda awe jini, ili yeye abaki mwanamume. Lakini wakati ule lilikuwa neno tamu, mhariri akalipandisha juu kwa herufi kubwa, na sokoni Voi gazeti lilisomwa kwa sauti hadi likachanika. Niliandika habari nyingine mbili. Katika zote tatu sikumwuliza mwamuzi hata mmoja swali hata moja. Pereira alikuwepo pale, na kofia yake.

Klabu ya Mombasa ikamwita. Aliacha chuo mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kumpa ruhusa, nikampa nikiwa nimesimama, kama mtu anayempa jirani moto. Ilikuwa mwaka ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na kijana wa bara kupata kazi Mombasa yenye mahali pa kulala halikuwa jambo dogo.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kutunza uwanja. Asubuhi anakata nyasi na kuvuta roli la chuma. Jioni, wenye kriketi wakitoka ofisini, anawarushia nyavuni. Waliweka thumuni juu ya kijiti cha katikati. Akikiangusha, thumuni ni yake. Mwaka wa kwanza aliangusha hadi wakalalamika. Aliniandikia kwamba wanaume wenye vyeo, waliovaa mito ya kukinga miguu, walikuwa wakirudi nyuma anapokuja mbio. Nilifurahi sana. Nilichukua barua yake nikawasomea watu pale stesheni.

Kila mwaka alikuwa akiambiwa, "Msimu ujao utacheza." Nilipomtembelea alinionyesha suruali nyeupe aliyoinunua, imekunjwa chini ya godoro ili ikae na mstari. Haikuwa imevaliwa.

Msimu wake ulifika bila kupangwa. Mrushaji wao wa kasi alishikwa na malaria siku mbili kabla ya mechi, ikabidi wamvalishe Mwakio. Alikuwa ameniletea simu ya maandishi, nikafika kwa gari la asubuhi. Nilikaa chini, nyuma ya kamba, karibu na roli, pamoja na watunza uwanja wenzake. Mpira wa kwanza: vijiti vikaruka. Tulisimama wote. Ndipo nikasikia ile sauti kutoka pembeni. "Nobo!"

Mpira wa pili, nobo. Wa tatu, nobo. Mwakio alimgeukia mwamuzi akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayesachiwa na askari. Kapteni wake akamhamisha upande wa pili wa uwanja, ambako mwamuzi wa pembeni alikuwa mtu mwingine kabisa. Yule naye akaita nobo. Kuanzia hapo Mwakio alirusha polepole, mkono umenyooka kama mti wa bendera, na wapigaji wakampiga hadi mpira ukawa unaokotwa barabarani.

Mmoja wa wale watunza uwanja, mtu niliyekuwa nimekula naye asubuhi, akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, "Mwakio! Rudi Taita ukafukuze nyani!" Watu wakacheka sana. Nilikuwa tayari kumpiga. Leo nikiangalia nyuma naona kwamba uwanjani pale hakuna mtu aliyetoa maelezo sahihi zaidi kuliko yeye, na hakujua anasema nini.

Mimi niliandika kwamba ndugu yangu ameonewa. Waamuzi wawili, wasimamao sehemu mbili tofauti, wameona kitu kimoja. Mtu yeyote katika kazi yangu angejiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa rahisi kulipata siku zile, maana uonevu ulikuwa kila mahali, hata kwenye kituo cha kukagulia vipande vyetu vya kazi. Na usidhani haukuwepo uwanjani. Leo nimemwuliza Pereira kama amewahi kuona kiwiko kama hicho kwa Mzungu. Akatazama nyuma yake kwanza. "Bwana mmoja mwenye shamba la mkonge. Kinakunjika kuliko cha kijana wako."

"Ulimwita nobo?"

"Nina watoto wanne, Bwana Mwangeka."

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Mwakio alionewa, na mkono wake ulikuwa unakunjika. Nyumbani kwetu tumesimulia nusu ya kwanza kwa miaka mingi hadi imekuwa kama kitanda. Mtu amelala juu yake.

Jambo ambalo husikii likisimuliwa ni kwamba Jumatatu alirudi nyavuni. Walimwambia pole, njoo jioni. Akaenda. Thumuni waliendelea kuiweka juu ya kijiti. Ila sasa alipokiangusha, mpigaji alipiga kelele, "Nobo!", wenzake wakacheka, thumuni ikarudi mfukoni mwa mwenyewe. Ilikuwa mchezo wao wa jioni. Alivumilia hivyo msimu mmoja na nusu. Kisha bega likakataa, wakampa barua nzuri ya kumsifia kuvuta roli, akarudi Mbololo. Watoto wa pale soko la chini walimwita Bwana Nobo, wengine wakidhani ndilo jina lake la Mombasa. Anaitika. Suruali nyeupe anailimia.

Haya ndiyo maisha ya mrushaji aliyesifiwa kuliko wote waliowahi kutoka kwetu. Nimeyapima, hayana mahali pengine palipofichwa utamu. Alicheza mechi moja.

Baada ya wewe kwenda kuwaaga wenzako leo, nilimwambia. Tulikuwa uani, anamenya ndizi ambazo shangazi yako ametuletea kutoka Mahoo, mama yako akiwa jikoni mlango wazi.

"Mwakio, Pereira anasema mkono ulikuwa unakunjika kweli."

"Mkono wa nani?"

"Wako. Na wa mtoto."

Aliendelea kumenya. "Pereira alikuwa Mombasa siku ile?"

"Hakuwepo. Alikuona hapa ukiwa chuoni."

"Na hakusema."

"Anasema hakuulizwa."

Hapo akaniangalia. "Kaka, kuuliza ni kazi ya nani?"

Nikamwambia nitakuandikia. Akaweka kisu chini.

"Usimwandikie. Mwache aende arushe."

"Ataitwa nobo mbele ya watu."

"Huenda. Lakini sikiliza. Mimi nilikuwa Mombasa miaka karibu mitano. Kila jioni kulikuwa na wanaume wazima wananiogopa. Wewe, kaka, nani amewahi kukuogopa?"

Mama yako akajibu kutoka jikoni, "Mimi namwogopa akishika kalamu." Mwakio akacheka, hata mimi.

Kisha Mwakio akasema, "Akirusha wasimwite, basi Pereira ni mwongo, na mimi niliibiwa. Watu wote wa Mbololo watajua."

"Na wakimwita?"

Alichukua kisu akachagua ndizi nyingine, akaigeuza geuza.

"Basi tutakuwa wawili."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Usimchukie kwa ajili ya hayo. Ila ujue, ukiwa ndani ya behewa kesho, kwamba aliyekaa mkabala nawe akikupa ndizi anakupenda, na kwamba ana haja yake Jumapili. Watu wengi watakaokusifu watakuwa hivyo. Katibu ana haja na wapigaji wake. Mhariri wangu ana haja na kichwa cha habari. Mimi nilikuwa na haja ya kuwa kaka wa mtu aliyeandikwa gazetini. Nilipomwandika Mwakio nilikuwa najiandika mwenyewe. Sifa zote zile zilikuwa za kweli kwa anayezitoa. Sikukuta hata moja iliyokuwa imemwuliza Mwakio bega linaumaje.

Najua utakaloniuliza, maana nimeliuliza tayari: je, mkono unaweza kunyooshwa? Pereira anasema ndiyo. Anasema ameshakuona ukirusha ukiwa umenyoosha, siku ulipokuwa umechoka na unacheza tu. Nikamwuliza kasi inabaki kiasi gani. Akasema, "Inabaki ya mtu wa kawaida." Nikamwuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupata nafasi kwenye klabu ile. Akasema wana wa kawaida wengi, na wote ni watoto wa wanachama.

Sikatazi usiende. Nilipokuwa na umri wako ningekwenda, na aliyenikataza ningemwona adui hadi leo. Wala sitakuambia kwamba ualimu ni bora kuliko kriketi. Nimewajua walimu waliooza madarasani kama mahindi yaliyolowa. Nasema tu kwamba Mwakio aliacha chuo akiwa hajamaliza, kwa hiyo siku ile ya nobo hakuwa na mahali pa kugeukia isipokuwa roli. Wewe umemaliza chuo. Mwalimu mkuu wa Mbololo ameniambia jana, mbele ya mama yako, kwamba nafasi ya darasa la tatu bado iko wazi, na anao vijana wengine wawili wanaoitaka.

Jambo la mwisho nililojifunza kwa Mwakio, na hili sijalisema kwa mtu. Siku ile uwanjani, baada ya nobo ya tatu, alitazama kwenye kamba akanitafuta kwa macho. Aliniona. Nilikuwa na daftari mkononi. Angeweza kutoka. Hakuna sheria inayomfunga mtu uwanjani. Angesema mguu unauma, akavaa viatu vyake, tukarudi Voi pamoja kwa gari la jioni. Nilimpungia mkono aendelee. Kaka yake, mkubwa wake, mtu anayeandika gazetini, alimpungia mkono aendelee. Akaendelea. Yaliyofuata yote, zile alama, zile kelele, thumuni zilizorudi mfukoni, yako baada ya mkono wangu kwenda juu.

Jumapili sitakuwepo. Nimeamua nisiwepo. Ukitafuta mtu kwenye kamba utamwona Mwakio, naye atakupungia uendelee. Utakuwa umeambiwa.

Pereira amenipa majina ya waamuzi waliopangwa. Mmoja ni mgeni. Wa pili ni yule yule wa kwanza aliyemwita baba yako mdogo. Hajaacha kazi, na macho yake, Pereira anasema, ni mazima.

Nilipomaliza kuuliza maswali yangu leo, foleni ilikuwa imefika mlangoni na mama mmoja wa Taveta mwenye kuku ananisukuma mgongoni. Pereira alivaa miwani akachukua kalamu, akaniuliza, "Sasa tiketi ya kijana. Ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi?"

Iko ndani ya bahasha hii, ya kwenda na kurudi. Mechi inaanza Jumapili saa nne asubuhi. Gari la kurudi linaondoka Mombasa jioni hiyo hiyo na kuwateremsha watu wa Voi usiku. Mwalimu mkuu anangoja jibu hadi Jumatatu adhuhuri.

Baba yako,
Mwangeka